Ukambani Hakuna Mawimbi, Lakini Washepaji Wako Mob

Msee wa kushepu bodi za kuteleza kwa mawimbi akimaliza kazi, kabla bodi haijafunikwa na faibaglasi, anachukua penseli. Kuna ubao mwembamba unapita katikati ya bodi kutoka pua hadi mkia. Hapo ndio anaandika vipimo, halafu anaandika jina lake. Hio jina ndio inauza. Hawaii, California, Australia, watelezaji wanajua washepaji wao venye sisi mtaani tunajua nani alichora nganya gani. Kastoma anaenda kwa karakana, anasema kilo zake, kimo chake, mawimbi ya kwao yako aje, na jamaa anamtengenezea bodi moja ambayo haina pacha dunia nzima.

Sasa toka Nairobi ushike Mombasa Road. Pita Sultan Hamud, pita Emali, ushuke Makindu. Wasafiri wamekuwa wakisimama hapa kitambo. Kuna hekalu la Masingasinga la tangu 1926, na hadi leo linalisha msee yeyote bila kuuliza anatoka wapi, na kuna ushirika wa wachongaji. Inua twiga mmoja kwa zile meza za kando ya barabara, umgeuze, ucheki chini ya kwato. Mara mob hutapata kitu. Hakuna jina, hakuna mwaka. Fundi amepinda mgongo siku kadhaa juu ya huo mti, na mtu wa Berlin mwenye atamweka kwa dirisha hatawahi jua aliitwa nani.

Hio inaniuma, na ndio maana naandika. Wachongaji wa Kitui na Makueni ni washepaji wa levo ya juu, na sisi vijana tumekubali waitwe tu watu wa vinyago.

Najua unawaza: Ukambani na mawimbi wapi na wapi? Mito yetu mingi, Thua, Tiva, miezi mob ya mwaka ni mchanga mtupu. Unachimba ndio upate maji. Lakini safari ya Mkamba kwenda baharini si ya jana. Miaka ya 1840 Kivoi wa Kitui alikuwa anapeleka misafara ya pembe za ndovu hadi Pwani, na Krapf, yule mmishenari Mjerumani, alifika kwake 1849. Hata leo ukienda Changamwe, Mombasa, utapata ushirika mkubwa wa uchongaji ulioanzishwa 1963, na jina lake ni Akamba. Malindi pia wako. Gikomba, ukitoka kwa mitumba ukiingia ndani ndani, bado ni wao.

Na kuna kitu ingine ilinishika mbaya nilipoanza kusoma hii mambo ya bodi. Kabla ya povu gumu na faibaglasi, bodi zilikuwa za mti. Wahawaii wa zamani walizishepu na tezo za mawe, wakazilainisha na vipande vya matumbawe, halafu wakazipaka mafuta ya njugu za kukui. Raia wa kawaida walikuwa wanatelezea bodi fupi inaitwa alaia. Machifu walikuwa na olo, ndefu ya kupita mita 4, na mti waliopenda kwa olo ulikuwa wiliwili, juu ni mwepesi ajabu. Wiliwili ni Erythrina. Na sisi Ukambani tuko na Erythrina yetu. Inaitwa muvuti.

Kama umelelewa ocha unaijua. Ule mti wa gome nene lenye nyufa na miiba, unapukutisha majani kiangazi halafu unawaka maua mekundu ukiwa uchi. Mbegu zake ni nyekundu na kabaka keusi, tulikuwa tunaziokota tukiwa watoto. Mti wake mwepesi, na wazee walijua: walichonga mizinga ya nyuki, vinu, ngoma, viti. Yaani binamu ya mti wa machifu wa Hawaii amesimama hapo kwa mpaka wa shamba la guka yako, na watu wanamfunga mbuzi.

Historia yenyewe ya uchongaji wa biashara inaanza karibu na hapa. Wamunyu, upande wa Machakos, ukitoka Machakos town ukielekea Kitui unaipita. Huko alitoka Mutisya Munge. Wakamba walikuwa wanachonga kitambo, viti, fimbo, vijiko, vitu za kutumia nyumbani. Munge alienda Tanganyika na jeshi la Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akakutana na wachongaji wa huko wakitengeneza sanamu za watu na wanyama, akashika. Aliporudi akaanza kuchonga za kwake na kuuza. Kazi ikaingia kwa boma, ikatoka kwa majirani, ikavuka hadi Kitui na Makueni, na watalii walipoanza kumiminika ikawa mkate wa maelfu ya familia. Mtu mmoja aliona kitu kwa safari ya taabu, akarudi nayo nyumbani, na ikasomesha watoto wa location nzima. Sioni kwa nini huyo jamaa hana sanamu katikati ya mji wowote Ukambani.

Sasa wacha nikupeleke karibu na kazi yenyewe.

Fundi anakaa chini kabisa, ama kwa kastuli kafupi, kigogo kimelala kati ya miguu. Anakibana na wayo, kidole gumba cha mguu kikiwa inchi chache tu kutoka mahali chuma kinatua. Shoka na panga zimeshafanya kazi ya kwanza, ya kutoa gome na kuacha umbo la jumla. Sasa ni tezo. Ni chombo kidogo, mpini umepinda, ulimi wa chuma umekaa kama jembe dogo, na mara mob huo ulimi ulifuliwa na muhunzi kutoka kwa springi ya gari. Mkono wa kulia unapiga kwa mwendo mmoja, haukimbii wala haukawii. Wa kushoto unageuza mti. Kila pigo linatoa kibanzi kimoja chembamba, na kibanzi kikitoka kimejikunja vizuri unajua chuma kimenolewa na fundi anafuata nyuzi za mti. Akitoka kwa mabega ya twiga, penye unene, anaelekea kwa shingo, penye wembamba. Hawezi toka kwa shingo akirudi kwa mabega, juu hapo nyuzi zitanyanyuka, ufa utaingia, na siku nzima imeisha hapo.

Hapimi. Hakuna tepu, hakuna mchoro. Anainua kipande kwa jua, anakizungusha, anacheki kivuli kinaanguka aje kwa mbavu. Ukiona bonde mahali hapafai, kivuli ndicho kimekuonyesha. Washepaji wa bodi wanafanya hio hio kitu: karakana yao huwa na taa zimewekwa chini kwa kuta za kando, ili mwanga upite ukiwa umelala juu ya bodi na kila kigongo kijitoe na kivuli chake. Wengine leo wanatumia mashini ya kompyuta kukata umbo la kwanza, lakini kumaliza, zile kingo za pembeni na ule mpindo wa pua, bado mkono unaingia. Mkono wa msee wa California na mkono wa msee wa Makindu wangeelewana bila kuongea.

Baada ya tezo kuna kisu, patasi, tupa. Halafu msasa, ule mkali kwanza, kisha laini, kisha laini zaidi. Hapa mara mob ni wamama na madame wanashika, na hii kazi ya msasa ndio inalipa kidogo kuliko zote, na pia ndio kastoma anagusa kwanza. Mtu akichukua bakuli dukani, kidole chake kinapita kwa kazi ya mama hakuna mtu alimtaja. Kama tutaanza kuandika majina, la huyo mama liingie.

Adui mkubwa wa hii kazi ni maji ndani ya mti. Mti mbichi ni mlaini, unachongeka poa, lakini ukikauka haraka unapasuka. Fundi mwenye anajua anachonga ukiwa bado mbichi, anaacha nyama kidogo, halafu anaficha kipande kivulini chini ya gunia ama chini ya vibanzi vyake mwenyewe, kikauke mos mos. Baadaye ndio anarudi kumalizia. Fundi mwenye anakimbizwa na broka hana huo muda. Ndio unapata kifaru amepasuka kwa mgongo, ufa umejazwa vumbi la mbao na gundi, juu imepakwa rangi ya viatu nyeusi aonekane mpingo. Simlaumu fundi. Mtu akilipwa kwa dazani atafanya kazi ya dazani.

Tukifika kwa mti wenyewe, hapa mambo ni mazito. Twiga na simba za zamani zilikuwa mpingo na muhugu. Mpingo unachukua miaka 70 hadi 100 kukomaa. Muhugu nao unakua pole pole vibaya. Ukiongeza makaa, ambayo Kitui ilivuja miaka mob hadi kaunti ikapiga marufuku biashara yake 2018 wakati wa Gavana Ngilu, unaelewa kwa nini mafundi walianza kutembea mbali kutafuta kigogo. Miaka ya 1990 mradi wa WWF, UNESCO na bustani ya Kew ulisukuma wachongaji wahamie miti ya shambani: mwarobaini, jakaranda, mwembe. Wengi walihama. Februari 2018 serikali ikafunga ukataji kwa misitu ya umma, na kila mtu wa mbao nchini akaisikia kwa mfuko.

Washepaji wa bodi nao walionja hio kitu. Tarehe 5 Desemba 2005, Clark Foam, kampuni ya California iliyokuwa inauzia sehemu kubwa ya washepaji wa Marekani lile povu gumu la kushepu, ilifunga ghafla. Siku moja tu. Wasee wakaamka hawana cha kushepu. Wengine wakarudi kwa mbao, kwa balsa ya Ecuador, wengine wakatafuta povu aina nyingine. Fundi yeyote ambaye malighafi yake inatoka kwa mlango mmoja analala na wasiwasi.

Lakini Ukambani ina jibu limesimama shambani, na jina lake ni mukau. Melia volkensii, kama unataka lile la wanasayansi. Huu mti ni wa kwetu, wa ukame wa Afrika Mashariki. Mchwa hawaupendi, mbao yake nyekundu-kahawia wanaifananisha na mahogani, na unaweza vunwa baada ya miaka 10 hadi 15. Linganisha na zile 70 za mpingo. Kazi ngumu iko kwa mbegu. Tunda lina kokwa gumu kama jiwe. Lazima ulipasue na kisu na nyundo bila kuumiza punje ndani, ukate ncha kidogo, uloweke, uchane ngozi yake kwa urefu, ndio ikubali kuota. Ukipanda tu hivi hivi utangoja hadi uchoke. KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, ina kituo Kitui, na wakishirikiana na Wajapani wa JICA tangu 2012 wamechagua mikau bora inayovumilia kiangazi na kuweka bustani za mbegu Kitui na Kibwezi. Kuna wakulima Makueni na Kitui ambao miche ya mukau imekuwa biashara yao kamili.

Hii naipenda sana, juu hapo kijana wa ocha anaweza shika mnyororo mzima: mbegu, mche, mbao, tezo. Ukipanda mukau ukiwa na miaka 20, unauchonga ukiwa 33 na bado mgongo wako uko fiti.

Shida iliyobaki ni soko, na hapa lazima tuongee ukweli. Mtindo wa zamani ulisimama kwa mtalii mwenye alikuwa anashuka kwa gari. Treni ya SGR ilianza 2017, na mtu anatoka Syokimau hadi Miritini bila kununua hata kijiko Makindu. Halafu 2020 ikaja na corona na watalii wakapotea kabisa. Mafundi waliobaki wakategemea maoda ya jumla, na oda ya jumla inataka twiga mia wanaofanana. Ukimfundisha mtu miaka kumi kutengeneza vitu mia vinavyofanana, umemwandaa kushindana na mashini, na mashini haichoki.

Ndio maana mimi nasema wacheki washepaji. Povu, resini na mashini za kukata vipo kila mahali, na bodi za kiwanda za bei ya chini zimejaa dukani. Bado msee anangoja wiki kadhaa na analipa zaidi ili apate bodi ya mkono yenye jina la fundi. Analipia kuulizwa maswali. Una kilo ngapi? Unasimama na mguu gani mbele? Umekuwa ukiteleza miaka mingapi? Hayo maswali ndio kazi ya oda maalum inaanzia, na fundi wa Kibwezi anaweza yauliza kwa kiti, kwa fimbo, kwa kinu, kwa meza ya kahawa ya keja yako ya Kilimani, kwa shingo ya gitaa ya jamaa wa benga.

Na kwa bodi pia, mbona isiwe? Pwani yetu haina mawimbi makubwa kila mahali, juu mwamba wa matumbawe unayavunja mbali na ufuo, lakini Diani na Watamu zimejaa watu wa bodi wanaovutwa na vishada wakati wa kaskazi na kusi. Kuteleza mawimbi kuliingia Olimpiki kwa michezo ya Tokyo, 2021, kukarudi 2024 kule Tahiti, kwa hivyo hii si mchezo wa pembeni tena. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Mmarekani Tom Blake alianza kutengeneza bodi zenye uwazi ndani, na baadaye zikawa za mbavu za mbao, juu ngozi ya mbao nyembamba. Bodi ya aina hio haihitaji gogo jepesi zima. Inataka mbao nyembamba nyoofu za mukau, mtu mwenye anaelewa nyuzi, na gundi ya maana isiyoogopa maji. Muvuti ungekaa kwa pua na mkia, mahali unataka wepesi, ukifungwa vizuri usilowe wala usiingie wadudu. Sijaona bodi kama hio ikitoka Ukambani. Nataka kuiona, na nataka iwe imeshepiwa na mtoto wa huko, ipelekwe Watamu na basi ya usiku.

Kama saa hii uko na kachapaa na unataka kuanza mahali, anza hivi. Enda mwenyewe, usitume. Ukifika kwa kibanda, salimu wazee kwanza, keti, wacha fundi amalize pigo alilo nalo. Usianze na bei. Ukisema, "Mzee, hii ni ngapi?" utapata bei ya dukani na kitu ya dukani. Mwambie, "Fundi, nataka kiti cha mbuyu wangu, ni mrefu, goti lake la kushoto linamsumbua, anapenda kukaa nje jioni." Utaona anaweka tezo chini. Atakuuliza kimo, atakuuliza sakafu ni simiti ama udongo, atakuuliza mguu gani anatanguliza akiinuka.

Uliza mti ni gani na umetoka shamba la nani. Kama ni mbao ya kusafirishwa, uliza kibali cha Huduma ya Misitu, usije ukashikwa kwa roadblock na kitu umelipia. Kubali mukau, kubali mwembe, achana na kuomba mpingo ndio uonekane. Lipa nusu mbele kwa M-Pesa juu fundi ananunua kigogo na lazima ale kikiwa kinakauka. Usimpe wiki moja. Mpe muda wa mti kukauka, na akikupigia kusema bado, ujue anakulinda dhidi ya ufa. Ukienda kuchukua, pitisha kiganja chini ya kiti, pale macho hayafiki, ndio ujue msasa ulifika. Uliza nani alipiga huo msasa. Halafu kabla polishi ya mwisho haijaenda, mpe fundi kalamu ama msumari wa moto, aandike chini: jina lake, la mama wa msasa, kijiji, mti, mwaka.